Picha Safi Kupita Kiasi: Kwa Nini Diski ya 4K Huweza Kuiharibu Filamu Uipendayo

Tarehe 12 Machi 2024, filamu tatu za James Cameron ziliingia sokoni Marekani kwa diski za 4K: Aliens ya 1986, The Abyss ya 1989 na True Lies ya 1994. Hizo mbili za mwisho zilisubiriwa kama mvua za masika. Zilikuwa hazijawahi kutolewa rasmi kwa Blu-ray nchini humo, na mashabiki walikuwa wamebaki na DVD zilizotengenezwa karibu robo karne nyuma. Wakanunua, wakazima taa, wakaketi. Kisha ukazuka ubishi ambao haujaisha. Kuna walioapa kwamba hawajawahi kuona picha safi namna ile. Kuna waliosema kwamba Arnold Schwarzenegger na Jamie Lee Curtis, waigizaji wakuu wa True Lies, wamegeuzwa sanamu za nta.

Wote walikuwa wanatazama diski ileile. Kinachowachanganya watu wengi ni neno "safi". Tumezoeshwa kuamini kwamba nambari ikipanda, kutoka DVD kwenda Blu-ray hadi 4K, ndivyo tunavyoikaribia filamu yenyewe. Nambari hiyo inahesabu nukta tu, yaani pikseli, vitone vinavyoijenga picha. DVD ya huku kwetu ina nukta 720 kwa 576, Blu-ray ina 1920 kwa 1080, na diski ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane katika kila picha. Nukta milioni nane zinaweza kubeba ukweli, na zinaweza kubeba uongo uliochorwa kwa ustadi. Kuujua upi ni upi, inabidi tuanze kwenye mkanda wenyewe.

Chembe ni nini

Kabla ya kamera za kidijitali, sinema ilipigwa kwenye mkanda wa plastiki wenye upana wa milimita 35, uliopakwa utando wa jelatini uliojaa fuwele ndogo mno za madini ya fedha. Mwanga ukigusa fuwele hizo, zinabadilika. Katika mkanda wa rangi, dawa za maabara huiondoa ile fedha na kuacha mawingu madogo ya rangi mahali pake. Mawingu hayo ndiyo chembe. Picha yote, uso wa mtu, moshi, ukuta, imejengwa kwa chembe, na chini yake hakuna picha nyingine iliyofichwa.

Hapa ndipo kosa la kwanza huanzia. Wengi huziona chembe kama vumbi lililotua juu ya picha, kitu cha kufuta ili picha halisi ionekane. Chukua khanga uitazame kwa karibu: utaona nyuzi. Ukisema unaondoa nyuzi ili ubaki na maua na jina lake, hutabaki na khanga.

Jambo la pili: chembe za fremu moja, yaani picha moja tuli ya mkanda, hazilingani na za fremu inayofuata. Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde, na kila fremu chembe zimejipanga upya bila mpangilio. Ndiyo maana ukutani mwa sinema picha ya mkanda inaonekana kama inapumua. Zikumbuke hizo fremu 24, kwa sababu mashine ya kufuta chembe inategemea jambo hilohilo.

Kuna pia imani kwamba filamu ya zamani haiwezi kuwa 4K ya kweli, kwa sababu "enzi zile hakukuwa na 4K". Ni kinyume. Mkanda wa milimita 35 uliotunzwa vizuri una undani wa kutosha kuskaniwa kwa 4K na bado ukawa na cha kutoa. Zenye shida ni baadhi ya filamu zilizowahi kukimbilia kamera za kidijitali. Attack of the Clones ya 2002, ya George Lucas, ilipigwa kwa kamera ya nukta 1920 kwa 1080, na hakuna mkanda wa kuurudia. True Lies ya 1994, iliyo kongwe kuliko hiyo, ndiyo yenye hazina kubwa zaidi.

Kutoka negativu hadi sebuleni

Mkanda uliokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha huitwa negativu. Zamani haukuwa ukipelekwa kwenye ukumbi wa sinema. Ulinakiliwa kwenye mkanda wa pili, huo ukazaa wa tatu, na wa tatu ndio uliozaa nakala za kumbi. Aliyewahi kutoa fotokopi ya fotokopi ya cheti anajua kinachotokea: mihuri inafifia, herufi nyembamba zinapotea. Kwa hiyo mtazamaji wa mwaka 1994 aliona picha ya kizazi cha nne, laini kidogo, yenye weusi mzito.

Leo negativu inaskaniwa moja kwa moja. Mara moja tunaona undani ambao mtazamaji wa ukumbini hakuuona, lakini chembe nazo zinaonekana kwa ukali zaidi. True Lies na The Abyss zina sababu ya ziada. Zilipigwa kwa mfumo uitwao Super 35, ambao kwa filamu pana hutumia sehemu tu ya kimo cha kila fremu na kukata juu na chini. Sehemu iliyobaki hukuzwa zaidi ili ijaze ukumbi, na chembe hukua pamoja nayo.

Faili litokanalo na skani huingia kwenye kompyuta. Hapo vumbi na mikwaruzo huondolewa, rangi hupangwa upya, mwanga husawazishwa, na mwisho hupatikana masta, faili mama linalozaa diski na matoleo ya mtandaoni. Kila hatua kuna binadamu anayechagua. Diski ni jumla ya uchaguzi huo, na sehemu kubwa ya masikitiko ya mashabiki hutoka katika uchaguzi wa mambo matatu: kufuta chembe, kuongeza makali, na siku hizi kuiachia mashine ichore.

Mashine inavyofuta, na inapokosea

Programu ya kufuta chembe hulinganisha fremu iliyopo na iliyotangulia na inayofuata. Kilichobaki palepale katika fremu zote inakihesabu kuwa picha. Kilichobadilika inakihesabu kuwa uchafu, inakisawazisha. Kwa ukuta uliotulia, hesabu hiyo inakubali. Kwa nywele zinazopeperuka, mvua, moshi, jasho linaloteleza shavuni au mapovu chini ya maji, inagonga mwamba, maana vitu hivyo navyo hubadilika kila fremu. The Abyss ni filamu ya chini ya bahari. Fikiria kazi inayoikabili mashine hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Gladiator ya Ridley Scott. Blu-ray yake ya 2009 ilipotoka, watazamaji waligundua kwamba katika vita vya mwanzo baadhi ya mishale ya moto imetoweka angani. Mshale wa kasi huonekana mahali pamoja kwa fremu moja tu, na programu ya kuondoa uchafu hujua kitu kimoja tu chenye tabia hiyo: punje ya vumbi. Ikaifuta. Mwaka uliofuata diski ikatolewa upya, mishale ikiwa imerudi.

Ngozi ndiyo huumia zaidi. Vinyweleo, makunyanzi madogo na vitundu vya ngozi vina ukubwa unaokaribiana na chembe, hivyo vinaondoka pamoja nazo. Ni kama kichujio cha urembo cha simu kilichowashwa na kusahauliwa kwa saa mbili. Predator ya 1987 ilifanyiwa hivyo katika Blu-ray ya 2010: wanajeshi wanaotokwa jasho msituni wakawa na mashavu ya plastiki, na mpaka leo diski hiyo hutajwa kila watu wanapoeleza maana ya sura ya nta.

Picha iliyofutwa hubaki laini, tena butu. Basi huongezwa makali. Kuongeza makali hakuleti undani wowote mpya. Kompyuta hutafuta mahali ambapo giza linakutana na mwanga, ikalifanya giza kuwa giza zaidi na mwanga kuwa mwanga zaidi. Jicho hudanganyika kuwa picha imekaa sawa. Ukisogea karibu unaona mstari mweupe ukiwazunguka watu kama mwangaza wa watakatifu kwenye michoro ya kanisani, hasa mtu anaposimama mbele ya anga.

Hatua ya tatu ni ya zama hizi. Badala ya kusawazisha tu, programu ya akili mnemba imefundishwa kwa picha nyingi mno kujua nywele, jicho, kitambaa na tofali hufananaje. Ikikutana na nywele zenye ukungu inachora nywele kali. Wakati mwingine inakisia vizuri. Wakati mwingine nywele zinakuwa nyaya, meno yanaungana, na herufi za bango lililo mbali zinageuka maandishi yasiyosomeka kwa lugha yoyote. Mchukue fundi aliyepewa mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe, akaupiga msasa mpaka ukawa laini, kisha akachonga maua mapya kwa jinsi anavyokumbuka milango mingine. Mlango utapendeza. Mgeni hatajua. Aliyezaliwa nyumba ile atasimama mbele yake na kuona kuna kitu kimeondoka.

Urekebishaji wa filamu za Cameron ulipitia Park Road Post, kampuni ya Peter Jackson iliyoko Wellington, New Zealand. Wataalamu hao walijijengea sifa kwa kuokoa picha zilizokuwa taabani: filamu za Vita vya Kwanza vya Dunia katika They Shall Not Grow Old ya 2018, na mikanda ya milimita 16 ya Januari 1969 ya kundi la Beatles katika Get Back ya 2021. Kwa picha ya askari iliyopigwa miaka mia moja nyuma, iliyochakaa na yenye kwenda kwa kasi isiyo sawa, kubahatisha kidogo kunaweza kuvumilika, kwani bila hivyo sura ya askari haionekani. True Lies haikuwa mgonjwa wa namna hiyo. Ilipigwa kwa mkanda mzuri, kwa taa za mabilioni, na mafundi wa daraja la kwanza. Kuipa dawa ya mahututi ndilo kosa lenyewe, na kwa macho yangu True Lies ndiyo iliyoumia zaidi kati ya zile tatu.

"Lakini mwongozaji ameidhinisha"

Hoja hii hutumika kufunga mjadala, na ina uzito wake. Cameron hakudhulumiwa na mtu. Tangu Blu-ray ya Aliens ya 2010 alisema waziwazi kwamba mkanda wa Kodak alioutumia ulikuwa na chembe nyingi kupita kiasi, na kwamba katika toleo hilo chembe zote zimeondolewa. Chembe za Aliens kwake zilikuwa kasoro tangu siku ya kwanza. Na malalamiko ya 2024 yalipomfikia, aliyajibu kwa ukali katika jarida la Empire, akiwacheka watu wanaokaa kukagua chembe za filamu yake.

Ana haki. Kazi ni yake. Ila filamu hutengenezwa na wengi, na anayejua vizuri zaidi jinsi picha ilivyokusudiwa mara nyingi ni mpigapicha mkuu, aliyechagua mkanda, lenzi na taa. Mwaka 2009 William Friedkin alitoa The French Connection yake ya 1971 kwa Blu-ray akiwa ameibadili rangi kwa mtindo mpya: New York yenye baridi na uchafu ikawa na rangi zinazovuja, zenye kuelekea urujuani. Owen Roizman, aliyeipiga filamu hiyo, alitoka hadharani na kusema hakushauriwa na kwamba toleo lile linatisha. Friedkin alikuwa ameidhinisha kila fremu.

Wong Kar-wai naye, katika mkusanyo wa filamu zake uliotoka 2021, alibadili rangi kwa kiasi kikubwa, na Fallen Angels ya 1995 akaipanua kutoka umbo la kawaida hadi umbo pana. Yeye angalau alieleza. Aliandika kwamba hakuna mtu anayeingia mto uleule mara mbili, maana mto si ule na mtu si yule. Maneno mazuri, na hakuna anayemkatalia msanii kuirudia kazi yake. Kilio cha mashabiki ni kwamba toleo jipya likishatoka, la zamani huondolewa madukani na kwenye huduma za mtandaoni. Anayetaka mto wa 1995 hana tena pa kuuchota.

Kuhusu umbo la picha nitasema kifupi. Mistari myeusi juu na chini haijakuibia chochote kwa kawaida: ndiyo njia ya kuonyesha picha pana nzima kwenye runinga isiyo pana vile. Ukibonyeza "zoom" kwenye rimoti unakata pembeni. Kwa filamu za Super 35 kulikuwa na matoleo ya kanda za video yaliyojaza runinga za zamani kwa kufungua sehemu ya mkanda iliyokatwa, kwa hiyo kweli unaona zaidi juu na chini. Unachokiona zaidi mara nyingi ni dari na sakafu ambazo mwongozaji alizikata kwa makusudi.

Ni diski, ni faili au ni runinga yako?

Kabla ya kumlaumu yeyote, hakikisha unachokitazama. Filamu ya saa mbili unayowekewa kwenye flashi dukani huwa na ukubwa wa, tuseme, GB 1.5. Gawanya kwa sekunde 7,200 unapata takriban megabiti 1.7 kwa sekunde. Filamu hiyohiyo ikichukua GB 60 kwenye diski ya 4K ni takriban megabiti 67 kwa sekunde, karibu mara arobaini. Chembe ndizo ngumu kubana kuliko kitu chochote, kwa kuwa kila fremu ni mpya na hakuna kinachojirudia. Ukizibana kupita kiasi zinageuka vijumba vya mraba vinavyocheza kwenye vivuli, au zinafutika kabisa. Faili la flashi lenye sura ya nta halithibitishi lolote kuhusu diski.

Mtandaoni kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Mfumo wa kubana uitwao AV1, unaotumiwa na Netflix, una uwezo wa kuondoa chembe kabla ya kutuma filamu, kutuma maelezo mafupi ya jinsi zilivyokuwa, kisha kifaa chako kinatengeneza chembe nyingine zinazofanana nazo. Inaokoa bando. Chembe unazoziona hapo, hata hivyo, hazikutoka kwenye mkanda wowote.

Kisha runinga. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewasha kila kitu. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua "Filmmaker Mode" kama ipo. Ni mpangilio uliotangazwa 2019 kwa ajili ya kuzima nyongeza zote kwa mpigo. Kama haipo, chagua "Movie" au "Cinema", kisha shuka moja moja. Zima kila kinachoitwa "Noise Reduction", cha kawaida na cha MPEG. "Sharpness" ishushe mpaka mistari myeupe kandokando ya maandishi itoweke: kwa runinga nyingi ni sifuri au karibu yake, ila kwa Sony nyingi katikati isiyoongeza wala kupunguza ni 50. Zima pia kinacholainisha mwendo, ambacho LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, na Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Hicho hubuni fremu za katikati na kuifanya sinema ionekane kama tamthilia ya mchana.

Baada ya hapo tafuta onyesho lenye uso wa karibu kwenye mwanga wa kutosha, usimamishe. Angalia vitundu vya ngozi puani na kwenye paji la uso. Angalia nywele mahali zinapokutana na mandhari ya nyuma. Tafuta koti la sufu au suti: nyuzi zinaonekana au ni rangi tupu? Halafu achia filamu iende, utazame ukuta mtupu. Ukuta ukiwa umeganda kabisa huku watu wakitembea mbele yake, chembe zimefutwa. Ukuta ukiganda kisha ukachemka ghafla mtu anapopita, zimefutwa vibaya. Nyuso laini pamoja na mistari ya makali kwenye anga ni dalili ya vyote viwili, kufuta na kunoa.

Kwa anayeagizia ndugu aliye ng'ambo, kuna mitego ya vifaa pia. Diski ya 4K haichezi kwenye mashine ya Blu-ray ya kawaida wala ya DVD. Haina kizuizi cha kanda, yaani eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa, lakini Blu-ray nyingi zinacho: Afrika ipo kanda B pamoja na Ulaya, Marekani ipo kanda A. DVD za Afrika Mashariki ni kanda ya 5, wakati za Uingereza, Afrika Kusini na Oman ni ya 2. Na kama DVD yako ya PAL, mfumo wa runinga unaotumika huku kwetu, inaisha mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye orodha za filamu, usidhani imekatwa. PAL huonyesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 120 huisha kwa takriban dakika 115, na sauti za waigizaji hupanda kidogo.

Kwenye jalada, maneno ya kutafuta ni yale yanayosema filamu imeskaniwa kutoka negativu halisi ya kamera. Yanakuambia chanzo kilikuwa kizuri, ingawa hayakuambii kilichofanyika baada ya skani, na True Lies ni ushahidi wa hilo. Subiri picha za kulinganisha matoleo zitoke kabla hujalipa. DVD au Blu-ray ya zamani usiitupe wala usiigawe mpaka umeiweka sambamba na mpya. Na ukiona kosa, liandike kwa jina lake na dakika inapotokea. The French Connection ilitolewa tena kwa Blu-ray mwaka 2012, safari hii Friedkin na Roizman wakiwa wameisimamia pamoja, na New York ikarudi kuwa ya baridi.